Watoto Wakiuliza Habari za Mawe

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni methali njema sana. Mume na mke wakigombana, au majirani wakikosana kwa ajili ya mpaka wa shamba, hiyo ndiyo dawa tunayowapa ili wapatane. Lakini siku hizi naisikia ikitumiwa mahali pasipo pake. Ukitaka kumsimulia kijana habari za babu zake, hukujibu kwa methali hiyo hiyo, kisha huenda zake. Hapo mimi huona kwamba dawa njema imepakwa penye kidonda kisicho chake. Maana hata mganga, kabla hajatoa dawa, kwanza humwuliza mgonjwa: Ulianza kuumwa lini? Ulikuwa wapi? Ulikula nini? Mgonjwa asiyekumbuka lolote ni kazi ngumu kumganga.

Kwa sababu hiyo, wasomaji wapenzi, leo nataka kusema nanyi juu ya nyumba za makumbusho, na minara na mawe yanayosimamishwa kwa ukumbusho wa watu waliokufa. Wengi wetu vijijini twadhani hayo ni mambo ya watu wa mjini na wageni wenye kupiga picha. Sivyo. Ni mambo yetu, tena yanatudai kazi.

Katika Maandiko Matakatifu, kitabu cha Yoshua, twasoma kwamba Waisraeli walipokwisha kuvuka mto Yordani, Mungu aliwaagiza wachukue mawe 12 kutoka katikati ya mto, jiwe moja kwa kila kabila. Wakayasimamisha huko Gilgali. Sababu yake ilikuwa nini? Ni kwamba siku zijazo watoto wakiyaona mawe yale watauliza maana yake, na baba zao watawajibu. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Mungu hakusema kwamba mawe yatanena. Kazi ya jiwe ni kumfanya mtoto aulize. Kazi ya kujibu ni ya mzazi. Mtoto asipopelekwa, hataliona jiwe wala hatauliza. Na mzazi asipojua la kujibu, jiwe litabaki jiwe tu, na mbuzi watapanda juu yake.

Mahali ninapopajua mimi, panapoonyesha neno hili waziwazi, ni Songea. Kwa ajili ya wale ambao hawajafika kusini, nieleze kwa kifupi. Pale mjini ipo Makumbusho ya Majimaji. Ndani yake zimewekwa silaha za wazee wetu, na picha za zamani. Nje zipo sanamu za viongozi wa Wangoni, na pale pale lipo kaburi moja walimozikwa watu zaidi ya 60, walionyongwa na Serikali ya Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kati yao alikuwamo Nkosi Mputa Gama. Kaburi la Nduna Songea Mbano liko peke yake, kwa maana yeye alinyongwa siku chache baadaye. Mji wenyewe unaitwa kwa jina lake. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka.

Vita vyenyewe vilianza mwezi wa Julai 1905, mbali na Ungoni, katika milima ya Umatumbi. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na viboko, na kulazimishwa kulima pamba isiyowaletea faida. Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, aliwapa maji yenye dawa, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini habari ya maji ilikwisha kuenea, makabila mengi yakasimama pamoja, na Wangoni pia. Vita havikwisha kabisa mpaka mwaka 1907.

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, sisi wa jumuiya yetu tulikodi gari tukaenda Songea, watu wazima pamoja na watoto. Tulitembea polepole, mwenye kusoma akiwasomea wasioweza. Mbele ya kaburi, msichana mmoja wa darasa la sita, mtoto mwenye akili, alinivuta mkono akaniuliza: "Babu, hawa waliwaua mapadre wetu, au walikuwa watu wetu?"

Wakubwa wote walinyamaza. Mama yake alitaka kumkanya, nikamwambia, "Mwache, mama. Hili ndilo swali lililotuleta hapa."

Maana ni kweli. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa karibu na Liwale, yeye pamoja na mabruda wawili na masista wawili, walipokuwa safarini kwenda Peramiho. Askofu huyo ndiye aliyeianzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898. Hawakuwa na jeshi, wala hawakuja kutoza kodi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule misioni ya Peramiho ikachomwa moto. Mkristo hawezi kuyasoma hayo bila kuhuzunika.

Lakini ni kweli vilevile kwamba kabla ya vita mmisionari mmoja wa Peramiho aliichoma moto nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, yaani nyumba alimowaheshimu wazee wake waliokufa. Wanahistoria wamelieleza jambo hilo, wala hakuna faida ya kulificha. Mtu akikuchomea mahali unapowakumbuka wazee wako, je, utamwona kuwa rafiki?

Tena ni kweli jambo la tatu. Wale waliohukumiwa kunyongwa walipokuwa wamefungwa Songea, Padre Johannes Häfliger, Mbenediktini, aliwaendea gerezani. Akakaa nao, akawafundisha katika muda mfupi waliokuwa nao, na wengi wao wakabatizwa kabla ya kufa. Basi, katika kaburi lile wamelala watu waliopigana na Wazungu, na wengi wao wamelala wakiwa na majina ya ubatizo.

Nilimjibu yule msichana hivi: "Mjukuu wangu, waliouawa kule Liwale ni watu wetu, na hawa walionyongwa hapa ni watu wetu. Usimruhusu mtu yeyote akunyang'anye nusu moja." Alitazama kaburi kwa muda, kisha akauliza kama twaweza kuwaombea wote kwa sala moja. Tukasali.

Nimeyasimulia hayo kwa sababu wako Wakristo wanaoona haya kwenda mahali kama pale, wakidhani kwamba kuwaheshimu wapiganaji wa Majimaji ni kuwasaliti wamisionari. Na wako wengine wasiotaka kabisa kusikia jina la Askofu Spiss, wakidhani kwamba kumwombea ni kuusifu utawala wa Wajerumani. Wote wawili wanataka kukumbuka kwa jicho moja. Ukumbusho wa kweli una macho mawili.

Tena yatupasa kujua kwamba jiwe lenyewe laweza kuwa na jicho moja, kwa sababu jiwe husema anayotaka yule aliyelisimamisha. Mfano uko Dar es Salaam. Zamani za Wajerumani palisimamishwa pale sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa mkuu wa majeshi yao kisha Gavana wao. Alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoiteka nchi waliiondoa sanamu ile, na mwaka 1927 wakaweka mahali pale sanamu ya askari wa shaba, kwa kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita ya mwaka 1914 hadi 1918. Askari huyo yuko mpaka leo. Sanamu ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, huko Ujerumani, ikasimamishwa mwaka 1922. Lakini miaka ya 1967 na 1968 wanafunzi wa Kijerumani wenyewe waliifunga kamba wakaiangusha, kwa maana hawakukubali tena kwamba mtu yule ni wa kuheshimiwa.

Mnaona? Mahali ni pale pale, lakini serikali ya kwanza ilimkumbuka mtu wake, na serikali ya pili ikawakumbuka watu wake. Na katika sanamu zote mbili, hakuna hata moja iliyomkumbuka mkulima wa Umatumbi, wala mama wa Ungoni aliyekimbia porini na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu nasema, tusiyaachie mawe peke yake kazi ya kukumbuka.

Sasa nifike kwenye neno linaloniuma zaidi. Pale Songea twaona majina ya wakuu, na ni haki yao. Lakini vita vya Majimaji havikuwaua wakuu tu, wala havikuua kwa risasi na kamba tu. Serikali ya Wajerumani yenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanasema yapata 250,000 hadi 300,000. Wengi wa hao walikufa kwa njaa. Maana Wajerumani walipoona kwamba wenyeji wamejificha porini, walianza kuchoma mashamba na maghala, na kuchukua chakula, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Kamba ile ya Songea ilifanya kazi yake kwa siku chache. Njaa ilifanya kazi miezi na miezi.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa miaka michache baada ya vita. Mama yake alikuwa msichana wakati huo, na ndiye aliyemsimulia. Walipochomewa maghala yao ya mahindi, walikaa porini wakila mizizi na majani. Palikuwa na mizizi yenye sumu, iliyotaka kulowekwa siku nyingi, na wenye njaa kali hawakuweza kusubiri. Wadogo zake wawili walikufa njiani, mmoja baada ya mwingine, wakati familia ilipokuwa ikitafuta chakula kwa ndugu wa mbali. Walizikwa kando ya njia kwa kuchimba kwa vijiti, maana hata jembe halikuwapo. Hakuna ajuaye leo njia hiyo ilipita wapi.

Habari hiyo Bibi alinisimulia jioni moja nilipokuwa kijana, na mimi nikaiandika katika daftari la shule pamoja na majina ya watoto wale wawili. Bibi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Majina yale hayapo juu ya jiwe lolote duniani. Yapo katika daftari lile, na kila mwezi wa Novemba nayapeleka kanisani pamoja na majina ya marehemu wengine wa ukoo wetu. Kama jioni ile Bibi asingesema, au kama nisingekuwa na kalamu, watoto wale wangekufa mara ya pili.

Si mimi tu niliyefanya hivyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kwenda vijijini, katika nchi zote zilizopigana vita hivyo, kuwauliza wazee. Wakati ule walikuwapo bado watu walioyaona mambo kwa macho yao, au waliosimuliwa na baba zao. Vijana wale wakaketi chini pamoja na wazee, wakauliza, wakaandika. Mpaka leo wanaoandika historia ya Majimaji hutegemea sana maneno hayo. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuijua habari ya vita alisoma zaidi maandishi ya maofisa na ya misioni, yaani maneno ya upande mmoja. Kama wangechelewa miaka 20, wangekuta makaburi tu. Leo, baada ya miaka zaidi ya 100, shahidi wa macho hayupo hata mmoja.

Sisi Wakatoliki tungelijua hilo kuliko wengine. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya miaka 1885 na 1887. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza 22 kati yao kuwa Watakatifu. Je, Kanisa lilijuaje habari zao zote, majina yao na namna walivyokufa? Ni kwa sababu walikuwapo watu walioona, na wengine walioponea chupuchupu, na watu hao walihojiwa, na maneno yao yakaandikwa. Leo maelfu kwa maelfu huenda Namugongo kila tarehe 3 Juni. Kanisa lile kubwa limejengwa juu ya damu ya mashahidi, lakini pia juu ya maneno ya watu waliokubali kusimulia, na subira ya watu waliokubali kusikiliza.

Huenda mtu akasema: "Kukumbuka kwaleta chuki. Tukiwakumbusha watoto ya Wajerumani, watawachukia." Mimi naona ni kinyume chake. Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea katika Makumbusho ya Majimaji. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa maovu yaliyotendwa na Wajerumani mahali pale. Wazao hao kwa muda mrefu wamesema kwamba kichwa cha babu yao kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, nao wanataka kirudi kizikwe. Rais aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta. Basi niulizeni: kama Wangoni wangalisahau, Rais yule angemwomba nani msamaha? Angesimama mbele ya kaburi gani? Anayesahau hawezi kusamehe, kwa maana hajui anasamehe nini. Katika kitubio pia, padre hatuambii tusahau dhambi zetu. Hutuambia tuzikumbuke kwanza, tuziseme, ndipo tuondolewe.

Na Misa yenyewe ni nini? Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, hakuwajengea mitume mnara. Aliwapa mkate na divai, akawaagiza wafanye vile kwa kumkumbuka. Akaliweka kumbukumbu lake katika matendo ya watu, yatendwayo tena na tena, wala si katika jiwe. Ndiyo maana limedumu.

Basi, wapenzi, tufanye nini? Mimi naona mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila nyumba iwe na daftari la marehemu. Aandike mwenye kujua kuandika, aseme mwenye kujua habari. Jina, kijiji, aliishije, alikufaje. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kuhifadhi sauti ya bibi akisimulia. Vijana wanaojua kupiga picha zao wenyewe siku nzima, na wamtegee Bibi simu hiyo kwa nusu saa. Lakini waandike pia katika karatasi, maana simu hupotea, huanguka majini, huibwa.

La pili, tusiviuze vitu vya zamani ovyo. Mzee mmoja wa huku kwetu alikuwa na mkuki wa babu yake. Akapita mnunuzi, akampa fedha za kununulia sukari na sabuni, mkuki ukaenda zake. Leo mjukuu wake anasoma habari za mikuki ya Wangoni kitabuni. Tusisahau kwamba vitu vingi vilivyochukuliwa katika vita vya Majimaji vimewekwa mpaka leo katika makumbusho ya Berlin, na sasa tunabishana na watu wa ng'ambo juu ya kurudishwa kwake. Haifai tudai kwa mdomo vilivyoko Berlin, na huku kwa mkono tunauza vilivyoko darini. Kama kitu huwezi kukitunza, kipeleke makumbusho, nao watakiandika kwamba kimetoka kwenu.

La tatu, tuwapeleke watoto, nasi twende pamoja nao. Si lazima iwe Songea. Karibu kila wilaya ina kaburi la wamisionari wa kwanza, au mti waliponyongewa watu, au boma la zamani. Watoto wakifika, waacheni waulize, hata kama swali ni gumu na wakubwa wanaona haya. Msiwape nusu ya jibu. Waambieni waliyotenda wageni, na waliyotenda watu wetu. Waambieni waliyotenda Wakristo, mema na mabaya. Mtoto aliyeambiwa ukweli wote hatashtuka siku atakapousikia kwa adui.

Mwezi wa Novemba tunapoziandika bahasha za marehemu, wengi wetu huandika "na ndugu wote waliosahauliwa," kisha tukafunga. Ni sala njema, na Mungu anawajua wote kwa majina. Lakini mwaka huu, kabla ya kuandika maneno hayo, kila mmoja na aende kwanza kwa mzee aliye mkubwa kuliko wote nyumbani mwake, amuulize. Pengine kati ya hao waliosahauliwa tutapata jina moja au mawili ambayo bado yanaweza kuandikwa.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, waliolala Songea, na waliolala Liwale, na wale watoto wote waliozikwa kando ya njia.